Asili Ni Ipi? Sampuli Nasibu na Mabadiliko ya Asilimia kwa Mifano ya Korosho

Katika sehemu kama 7/100, namba ya juu ni kiasi na ya chini ni asili. Mwanafunzi anayajua majina haya tangu shule ya msingi. Kisha anafika darasa la saba au kidato cha kwanza, anapewa swali la sampuli na swali la bei kupanda, na anayakosa yote mawili kwa sababu ileile: ameweka asili isiyo yake. Kuzidisha kwa 100 hakumsumbui mtu. Kinachosumbua ni kujua ugawanye kwa namba ipi.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, na wa mzazi au dada mtu anayekaa naye jioni na daftari. Mifano mingi ni ya korosho, maana huku Mtwara na Lindi hakuna mtoto asiyejua gunia la korosho wala asiyesikia bei ya mnada ikitajwa. Bei na hesabu za korosho humu ni za zoezi tu. Namba za sensa ni za kweli. Ukiwa sekondari swali litakuja kwa Kiingereza, lakini kosa la asili halina lugha, kwa hiyo lirekebishe kwanza kwa lugha unayoota nayo.

Nasibu si ovyo ovyo

Mnunuzi wa ufuta hamwagi gunia zima chini. Anachoma bambo, kile chuma chenye mfereji, anavuta punje kidogo, anazitazama kiganjani. Gunia zima, au shehena nzima, ndilo kundi tunalotaka kulijua. Punje za kiganjani ni sampuli. Hesabu yote inasimama juu ya swali moja: je, punje hizi zinafanana na zile ambazo hatukuziona?

Sampuli huitwa nasibu pale ambapo kila aliyemo kwenye kundi ana nafasi sawa ya kuchaguliwa, na kinachochagua ni bahati, si mkono wala jicho la mtu. Hapa wengi huteleza. Wakiambiwa "chagua wanafunzi 30 kwa nasibu" wanazunguka uwanjani na kumgusa huyu na yule. Huo ni ovyo ovyo. Mkono huenda kwa rafiki, kwa aliyekaa mbele, kwa mwenye sauti. Hata ukijaribu kutaja namba "yoyote" kichwani, utarudia zile unazozipenda na kuzikwepa nyingine bila kujijua. Nasibu ya kweli inahitaji chombo: vikaratasi, jedwali la namba nasibu au kikokotoo.

Tuseme shule ina wanafunzi 420 na unataka 30.

Kwanza andika orodha ya wote, kila mmoja na namba yake, 001 hadi 420. Hatua hii inachosha na ndiyo inayorukwa sana, lakini asiyekuwemo kwenye orodha hana nafasi kabisa. Ukitumia daftari la mahudhurio la mwezi uliopita, waliohamia wiki hii wametoka kwenye kundi lako bila wewe kutaka.

Kisha chagua chombo. Vikaratasi vinafaa kundi likiwa dogo, tuseme chini ya 60. Vikate sawa, vikunje sawa, vitie kwenye ndoo na si kwenye kikombe, na uvikoroge hasa. Kukoroga si pambo. Tarehe 1 Desemba 1969 Marekani walichezesha kura ya kuandikisha vijana jeshini, wakatumia vidonge vya plastiki 366, kimoja kwa kila tarehe ya kuzaliwa. Vilitiwa ndani mwezi baada ya mwezi na havikuchanganywa vya kutosha. Waliozaliwa miezi ya mwisho wa mwaka wakatoka mapema kuliko ilivyotarajiwa, na wataalamu wa takwimu waliigundua kasoro hiyo kwenye matokeo yenyewe.

Kwa watu 420 ni afadhali kikokotoo. Vikokotoo vingi vya kisayansi vina kitufe kilichoandikwa Ran#, kinachotoa namba kama 0.087. Soma tarakimu tatu baada ya nukta: 087, huyo ni mwanafunzi wa 87. Bonyeza tena. Tuseme umepata mfululizo huu:

087, 512, 399, 031, 420, 000, 087, 264

Chukua 87. Acha 512, hayupo. Chukua 399, 31 na 420. Acha 000. Acha 087, kwani umeshamchukua. Chukua 264. Endelea hadi watimie 30. Jihadhari na jambo moja dogo: kikokotoo hufuta sifuri za mwisho, kwa hiyo 0.42 ni 420, na 0.3 ni 300. Ukisoma 0.42 kama 42 umemchagua mtu ambaye hakuitwa.

Wapo wanaofundisha njia ya mkato: zidisha namba hiyo kwa 420, chukua namba nzima, ongeza 1. Inaonekana safi, lakini kwa kikokotoo cha tarakimu tatu si haki. Kuna namba 1,000 zinazoweza kutokea na wanafunzi 420, na 1,000 haigawanyiki sawa kwa 420. Wengine wanapata nafasi tatu, wengine mbili. Kama hutaki kupoteza namba nyingi, fanya hivi: 421 hadi 840 zitoe 420 (512 inakuwa 92), na utupe 000 pamoja na 841 hadi 999. Hapo kila mmoja ana nafasi mbili kamili.

Njia ya tatu ni ya kuruka: 420 ÷ 30 = 14, kwa hiyo chagua mmoja kila baada ya 14. Anza na namba ya nasibu kati ya 1 na 14. Ikitoka 9, basi ni 9, 23, 37, 51 na kuendelea, wa mwisho 415. Ni ya haraka, na inafaa hata kwa magunia yaliyopangwa ghalani. Ubaya wake huonekana orodha ikiwa na mpangilio unaojirudia. Kama mwalimu ameandika majina kwa zamu, mvulana, msichana, mvulana, msichana, basi kuruka 14 kutoka namba 9 kunakupa namba witiri tupu, yaani wavulana 30 na wasichana sifuri. Kabla ya kuruka, tazama orodha ilivyopangwa.

Unapotaka kila kidato kiwakilishwe, gawa sampuli kwa uwiano. Kidato cha kwanza 150, cha pili 120, cha tatu 90, cha nne 60, jumla 420. Kila kidato kizidishe kwa 30/420: unapata 10.71, 8.57, 6.43 na 4.29. Ukikadiria ni 11, 9, 6 na 4, na jumla ni 30. Jumla isipotimia, mara nyingi mtu mmoja atazidi au kupungua kwa sababu ya kukadiria. Mwongeze au mtoe kwenye kundi ambalo desimali yake ilikuwa karibu zaidi na nusu. Ndani ya kila kidato bado unachagua kwa nasibu. Uwiano hauchukui nafasi ya kura.

Sampuli inapodanganya

Unataka kujua ni kaya ngapi za Mikindani zinakula samaki kila siku, ukasimama sokoni kwenye meza za samaki na kuwauliza wateja. Jibu utakalopata ni la wanunuzi wa samaki. Hili wengi wanaliona. Wasichokiona ni wakati. Ukiuliza Novemba, malipo ya korosho yakiwa yameanza kuingia, "je, nyumbani kwenu mmenunua kitu cha zaidi ya shilingi 100,000 mwezi huu?", utapata picha ya Novemba. Rudi Aprili na swali lilelile kwa kaya zilezile uone. Orodha yako ilikuwa sawa, kura yako ilikuwa sawa, ila kundi ulilolipima ni "kaya katika msimu wa malipo", na si "kaya" tu. Hilo liandike kwenye jibu.

Kosa la tatu ni wasiojibu. Umechagua 30, sita hukuwakuta, ukaweka majirani zao. Waliokuwa hawapo huenda hawapo kwa sababu inayohusiana na swali lako: wako shambani, au wako baharini. Rudi jioni kabla ya kubadilisha mtu.

Sampuli kubwa haiponyi sampuli mbovu. Mwaka 1936 jarida moja la Marekani lilituma kadi za kura ya maoni kuhusu uchaguzi wa rais, Landon dhidi ya Roosevelt, kwa watu wapatao milioni 10, anwani nyingi zikitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati wa mdororo wa uchumi. Kadi zaidi ya milioni 2 zilirudi na kuonyesha Landon anashinda. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48.

Kuchota kutoka kwenye gunia

Gunia haliwezi kuandikiwa namba kila punje, kwa hiyo nasibu hutafutwa kwa kuchanganya. Gunia lililosafiri kwenye lori kutoka Newala kuja Mtwara limetikisika njiani: vipande na punje ndogo hushuka, kubwa hubaki juu. Na kama lililazwa sakafuni penye unyevu, ukungu umeanzia chini. Anayechota juu tu anachota sehemu iliyo nzuri kuliko zote. Muuzaji mjanja analijua hilo bila kusoma takwimu.

Chagua magunia kwa kura au kwa kuruka. Kwa kila gunia chota juu, katikati na chini, kiasi kilekile kila mahali. Mwaga yote pamoja kwenye turubai safi, changanya kwa koleo, rundika, kisha bonyeza rundo liwe bapa mviringo kama chapati nene. Ligawe kwa msalaba katika robo nne. Chukua robo mbili zinazotazamana, ondoa nyingine mbili, changanya tena, gawa tena. Kila mzunguko unapunguza rundo kwa nusu: kilo 16 zinakuwa 8, 4, 2, na mwisho 1. Kuchukua robo mbili zinazopakana badala ya zinazotazamana ni kosa, maana ukimwaga rundo upande mmoja, punje nzito hukaa upande huo.

Sasa makadirio. Umehesabu korosho 200 za sampuli, 14 mbovu.

14/200 = 0.07 = asilimia 7

Asili hapa ni 200, idadi uliyoikagua, si idadi ya gunia. Kama kilo moja ina korosho kama 190, gunia la kilo 80 lina takriban 80 × 190 = 15,200, na mbovu zinakadiriwa 0.07 × 15,200 = 1,064. Andika "takriban 1,060". Kuandika 1,064 ni kujidai unajua hadi punje ya mwisho.

Asilimia hiyo ni ya idadi, si ya uzito. Korosho mbovu mara nyingi ni nyepesi, kwa hiyo asilimia 7 ya idadi huweza kuwa chini ya asilimia 7 ya kilo. Wapimaji wa ubora wanaifuata njia ya uzito: wanakata kilo 1 ya korosho ghafi, wanapima viini vizuri, na viini vyenye madoa wanavihesabu nusu. Tuseme vizuri ni gramu 270 na vyenye madoa ni gramu 20. Jumla inayohesabika ni 270 + 10 = 280. Hiyo ni 280/1,000, asilimia 28. Wafanyabiashara wanaitaja kwa ratili za kiini katika gunia la kilo 80: asilimia 28 ya 80 ni kilo 22.4, na ukigawanya kwa 0.4536, kilo za ratili moja, unapata ratili 49.4. Namba inayosikika ngeni mnadani ni asilimia ya kawaida iliyovaa kipimo kingine.

Ukirudia sampuli hutapata 14 tena. Tuseme sampuli tatu za korosho 200 zimetoa 14, 9 na 17: asilimia 7, 4.5 na 8.5. Hakuna iliyokosea. Zijumlishe: 40/600, takriban asilimia 6.7. Hapa wastani wa asilimia tatu unatoa jibu hilohilo kwa kuwa asili ni sawa. Asili zikitofautiana, njia hiyo inavunjika. Mbovu 10 kati ya 50 ni asilimia 20. Mbovu 15 kati ya 150 ni asilimia 10. Wastani si asilimia 15. Ni 25/200, asilimia 12.5. Jumlisha kiasi na kiasi, asili na asili, kisha ndipo ugawanye. (Hii ni tofauti na kujumlisha sehemu za kawaida, ambako kufanya hivyo ni kosa. Huku unaunganisha marundo mawili, hujumlishi sehemu mbili za kitu kimoja.)

Sampuli iwe kubwa kiasi gani? Kwa kukadiria haraka, kosa la sampuli nasibu, yaani umbali kati ya jibu lake na ukweli wa kundi zima, haliendi mbali sana na 1 ÷ kipeuo cha pili cha idadi. Kwa 100 ni 1/10, pointi 10 za asilimia juu au chini. Kwa 400 ni 1/20, pointi 5. Kupunguza kosa kwa nusu kunataka sampuli mara nne, si mara mbili. Mwanafunzi akishalielewa hili anaacha kuuliza kwa nini mwalimu hakuridhika na watu kumi.

Mabadiliko ya asilimia: asili ni pale ulipotoka

Kanuni ni fupi. Toa thamani ya zamani kutoka kwa mpya. Gawanya kwa ya zamani. Zidisha kwa 100. Jibu likiwa hasi, ni punguko.

Bei ya kilo ilikuwa shilingi 3,000, mnada uliofuata ikawa 3,600.

(3,600 − 3,000) / 3,000 × 100 = 20

Imepanda asilimia 20. Sasa irudi 3,000. Wengi wataandika imeshuka asilimia 20, maana "ni ile mia sita ileile". Mia sita ni ileile, asili imehama. Umetoka 3,600 safari hii, na 600/3,600 ni asilimia 16.7. Kinyume chake pia: bei ya 3,000 ikipanda asilimia 20 halafu ikashuka asilimia 20, hairudi 3,000. Inafika 3,600 × 0.8 = 2,880.

Mfano wa sensa unaonyesha kwa nini tunahangaika na asilimia hata kidogo. Sensa si sampuli. Inalenga kumhesabu kila mtu. Kwa sensa ya Agosti 2012 mkoa wa Mtwara ulikuwa na watu 1,270,854, na kwa ile ya Agosti 2022 watu 1,634,947. Lindi ilitoka 864,652 ikafika 1,194,028. Mtwara iliongeza watu 364,093, Lindi 329,376. Kwa vichwa, Mtwara imeongeza zaidi. Kwa asilimia:

Mtwara: 364,093 / 1,270,854 × 100 = 28.65
Lindi: 329,376 / 864,652 × 100 = 38.09

Lindi imekua kwa kasi zaidi, kwani ilianzia padogo. Majibu yote mawili ni sahihi. Yanajibu maswali tofauti. Mwanafunzi aliyegawanya kwa namba ya 2022 atapata Mtwara 22.27. Ukiona jibu kama hilo daftarini usimpigie tu mkasi. Mwulize alitoka wapi.

Kwa maswali ya mfululizo tumia kizidisho. Kupanda asilimia 20 ni kuzidisha kwa 1.20, kushuka asilimia 20 ni kuzidisha kwa 0.80. Bei ikipanda asilimia 20 kisha asilimia 10, ni 1.20 × 1.10 = 1.32, jumla asilimia 32. Mtu aliyejumlisha 20 na 10 amesahau kwamba ile 10 ilihesabiwa juu ya bei iliyokwisha kupanda. Kwa kizidisho hichohicho unarudi nyuma: mkulima amepokea shilingi 2,760 kwa kilo baada ya makato ya asilimia 8. Bei ya mnada ilikuwa ngapi? Kosa la kila siku ni kuongeza asilimia 8 juu ya 2,760, unapata 2,980.8. Makato hayakukatwa kwenye 2,760. Yalikatwa kwenye bei isiyojulikana, na kilichobaki ni asilimia 92 yake: 2,760 ÷ 0.92 = 3,000. Hakiki: asilimia 8 ya 3,000 ni 240, na 3,000 − 240 = 2,760.

Maneno nayo yana mitego. Kutoka 500 hadi 1,500 ni mara tatu, na ni ongezeko la asilimia 200, si 300. Bei au uzito hauwezi kushuka zaidi ya asilimia 100. Na kutoka sifuri hakuna asilimia: kama mwaka jana kikundi hakikuuza gunia hata moja na mwaka huu kimeuza 12, sema "kutoka 0 hadi 12" uishie hapo, maana asili haiwezi kuwa sifuri.

Kuna pia asilimia inayobadilika yenyewe. Unyevu wa korosho ukishuka kutoka asilimia 12 hadi 9, umeshuka pointi 3 za asilimia. Ukiulizwa mabadiliko ya asilimia ni 3/12, yaani asilimia 25. Vyote viwili ni kweli, ila ukiandika "umeshuka asilimia 3" msomaji hajui unamaanisha kipi.

Unyevu una mtego mwingine, mzuri kuliko yote kwa mtoto anayependa kufikiri. Kilo 100 za korosho zina unyevu wa asilimia 15. Zimeanikwa hadi asilimia 10. Zimebaki kilo ngapi? Jibu linalokuja haraka ni 95. Sivyo. Mwanzoni maji yalikuwa kilo 15 na visivyo maji kilo 85. Jua linaondoa maji tu. Zile 85 hazikuguswa. Mwishoni 85 hizo ni asilimia 90 ya uzito mpya, kwa hiyo uzito mpya ni 85 ÷ 0.9, takriban kilo 94.4. Maji yalipotoka, kiasi kilipungua na asili ikapungua pamoja nacho, kwani maji yamo katika yote mawili. Uzito umeshuka asilimia 5.6 hivi. Kwa gunia moja tofauti ni ndogo. Kwa tani 20, kati ya 95 na 94.4 kuna zaidi ya kilo 100.

Maswali ya kujaribu

Kijiji kina kaya 900. Katika sampuli nasibu ya kaya 60, kaya 21 zilipulizia mikorosho yao salfa dhidi ya ubwiri unga. Kadiria kwa kijiji kizima. Ni 21/60, asilimia 35, sawa na kaya 315 hivi. Aliyeandika 21/900 amechukua kiasi cha sampuli na asili ya kijiji, na kupata asilimia 2.3.

Nauli ilikuwa 2,400 ikawa 3,000. Kisha ikarudi 2,400. Asilimia 25 kwenda, 20 kurudi.

Na la mwisho, linalochanganya mada zote mbili. Msimu uliopita sampuli ya korosho 150 ilikuwa na mbovu 12. Msimu huu sampuli ya 250 ina mbovu 15. Je, ubora umeshuka?

Ukitazama kiasi peke yake, mbovu zimetoka 12 hadi 15, ongezeko la asilimia 25. Ukiweka asili, msimu uliopita ni 12/150, asilimia 8; msimu huu ni 15/250, asilimia 6. Kiwango cha mbovu kimeshuka pointi 2, ambayo ni punguko la asilimia 25. Namba zilezile zinatoa asilimia 25 kwenda juu na asilimia 25 kwenda chini. Swali lilikuwa la ubora, kwa hiyo kinacholinganishwa ni 8 na 6.

Usiishie hapo. Kwa kanuni ya kipeuo, kosa la sampuli ya 150 ni pointi 8 hivi, na la 250 ni pointi 6 hivi. Kanuni hiyo ni kali kupita kiasi pale asilimia inapokuwa ndogo kama hizi, lakini hata ukipunguza makosa hayo kwa nusu, tofauti ya pointi 2 bado inamezwa. Jibu kamili linasema: sampuli inaonyesha mbovu zimepungua kutoka asilimia 8 hadi 6, ila tofauti hii inaweza kuwa ya bahati tu. Ili pointi 2 zionekane vizuri unahitaji korosho kama 2,000 kila msimu, yaani takriban kilo 10 na nusu. Gunia moja lina nyingi kuliko hizo, lakini usizitoe zote kwenye gunia moja.